Mgeni Aliyesikiliza Kwanza
Mazungumzo ya wanakwaya katika sherehe ya yubile, Kipevu



 Kwaya yenu imetimiza miaka 50. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru nyinyi mliotuvumilia, hasa zile Jumapili ambazo tulianza wimbo juu mno, tukalazimika kuusimamisha na kuuanza upya.

Kamati ya yubile ilituomba sisi wanakwaya tuzungumze kidogo juu ya mtunzi mmoja wa muziki. Tunajua wengi wenu mlitarajia tumtaje Handel, kwa sababu ya ile Haleluya yake ambayo tunaihangaikia kila Desemba, na ambayo wenzetu wa tena wangali wanaiogopa mpaka leo. Handel tunamheshimu. Lakini leo tumemchagua mtu mwingine, Mmarekani aliyeishi karibu nasi zaidi, hapo ng'ambo ya Kilimanjaro. Jina lake ni Howard Olson. Tukimaliza mtaona kwa nini yubile yetu inamhusu, ingawa hakuwahi kusikia habari za kwaya ya Kipevu.

Tuanze na wimbo wenyewe. Mnakumbuka wimbo wa Pasaka tunaouimba na kayamba, ule wa "Mfurahini, Haleluya"? Tulifundishwa na mgeni mmoja aliyetoka upande wa Moshi, miaka mingi iliyopita. Hakuwa na karatasi. Alituimbia, tukamfuata, na kwa mazoezi matatu tu tukawa tumeushika. Baadaye kijana wetu mmoja aliutafuta kwenye simu, akaukuta unaimbwa kwa Kiingereza na kwaya ya Marekani, wote wamevaa majoho, na kinanda kikubwa cha kanisa kinapigwa nyuma yao. Akaja mazoezini akatuambia, "Wazee, kumbe huu wimbo ni wa Kizungu. Sisi tumepewa tafsiri."

Tukaamini. Kwa miaka kadhaa tuliuimba tukijua ni wa kuazima. Wala hatukushangaa, kwa sababu tumezoea. Nyimbo zetu nyingi za kitabuni zilikuja kwa meli, zikatafsiriwa, tukazipokea, na tumezipenda. Hatuna ugomvi nazo.

Ilikuwa wakati wa kuandaa yubile hii ndipo tulipofuatilia habari ya kila wimbo ulio kwenye programu, tukagundua kwamba tulikuwa tumeushika mkia tukidhani ni kichwa. Wimbo ule haukutoka Marekani kuja kwetu. Ulitoka kwetu kwenda Marekani. Maneno yake ya kwanza ni ya Kiswahili. Aliyeyaandika ni Mtanzania, Bernard Kyamanywa, mwaka 1966, alipokuwa akisoma theolojia katika chuo cha Makumira, karibu na Arusha. Sauti yake ni ya Wahaya, watu wa Bukoba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Na yule aliyeugeuza kwa Kiingereza ili Wamarekani nao wauimbe ndiye huyu tunayemzungumzia leo.

Howard Olson alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Alilelewa katika Kanisa la Augustana, kanisa la Kilutheri lililoanzishwa na Waswidi waliohamia Marekani. Kanisa hilo lilikuwa na wamisionari Tanganyika tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa na kazi zao zikabaki bila watu. Sehemu yao kubwa ilikuwa Singida, katikati ya nchi, kwa Wanyiramba na Wanyaturu. Mwaka 1946, Vita Kuu ya Pili ikiwa imemalizika juzi tu, Olson alifika Tanganyika. Alikuwa na miaka 24, umri wa vijana wetu hawa wanaosimama safu ya nyuma. Alikaa mpaka mwaka 1988. Hesabuni wenyewe: miaka 42. Alimkuta gavana wa Kiingereza, akauona uhuru wa mwaka 1961, akauona Muungano na Azimio la Arusha, akamwacha Mwalimu Nyerere ameshang'atuka urais.

Sasa, jambo la kwanza alilofanya si kutunga nyimbo. Alijifunza lugha, na sisi tungependa vijana walikumbuke hilo. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, ni lugha ya toni, kama zilivyo Kigiriama, Kikamba na Kijaluo. Sauti ikipanda au ikishuka, neno linaweza kuwa neno jingine kabisa. Olson alikaa na wenye lugha, akasikiliza kila silabi inavyopanda na kushuka, hata akaandika uchunguzi wa kitaalamu juu ya sauti na maumbo ya lugha hiyo, uliotoka mwaka 1964 huko Hartford, Marekani. Baadaye aliandika hata kitabu cha kufundishia Kiyunani kwa Kiswahili, ili wanafunzi wa Makumira wasome Agano Jipya katika lugha lilimoandikwa bila kulazimika kupitia Kiingereza kwanza.

Mtu aliyesikiliza lugha namna hiyo, akiingia kanisani Jumapili, lazima atasikia kasoro ambayo wengine hawaisikii. Nasi tunataka muisikie sasa hivi.

Semeni "Bwana". Mkazo uko wapi? BWA-na. Semeni "Mwokozi". Mwo-KO-zi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hushuka polepole kama mtu anayeketi. Kijerumani na Kiingereza wana maneno mengi yanayoishia kwa kishindo, na sauti zao za nyimbo zimetengenezwa kwa maneno hayo: mwisho wa mstari kuna noti nzito na ndefu. Ukichukua sauti hiyo ukaitia maneno ya Kiswahili, unalazimika kuimba bwa-NAAA, mwoko-ZIII. Sisi tumezoea, hatusikii tena. Lakini mwambieni mtoto asome maneno hayo hivyo shuleni, mwalimu atamrudisha nyuma.

Hiyo ni kwa Kiswahili, ambacho hakina toni. Katika lugha ya toni taabu ni kubwa zaidi, kwa sababu sauti ya kigeni inaweza kulipandisha neno mahali panapopasa lishuke, na mwimbaji akajikuta anasema kitu kingine mbele za Mungu. Wazee wetu waliimba hivyo kwa uvumilivu mkubwa. Walielewa kwa sababu walishajua wimbo unakusudia kusema nini.

Na kulikuwa na jambo la pili. Nje ya kanisa watu wale wale waliimba vizuri mno. Waliimba wakilima, wakitwanga, wakimpeleka bibi arusi, wakizika. Kiongozi alitoa mstari, watu wakaitikia. Hapakuwa na haja ya kitabu, kwa maana kiitikio unakishika mara ya kwanza tu. Sauti ya pili na ya tatu zilijitokeza zenyewe bila mwalimu wa kwaya kuchapa meza. Nyingi za nyimbo hizo zilikwenda kwa noti tano: do, re, mi, so, la. Miguu na makofi vilishika mapigo mawili huku ngoma ikishika matatu. Lakini mlangoni pa kanisa yote hayo yaliachwa, kama mtu anavyovua viatu. Wakristo wengi walikuwa wamefundishwa kwamba ngoma ni ya mambo ya zamani, na mtu aliyebatizwa aiache. Sisi wenyewe hapa Kipevu tunayajua hayo. Wazee wetu wanakumbuka mwaka ambao kayamba liliingia kanisani mara ya kwanza. Mama mmoja alisimama katikati ya ibada akatoka nje. Tunafurahi kusema kwamba ndiye aliyeshika kayamba Pasaka iliyopita.

Kwa hiyo Olson alikuwa na masikio, na alikuwa na sauti za nyimbo alizoanza kuziandika. Alichohitaji ni watu wa kutoa maneno. Hapo ndipo Makumira inapoingia.

Makumira iko chini ya Mlima Meru, njia ya kutoka Moshi kwenda Arusha. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilihamia hapo katika miaka ya 1950, na Olson alianza kufundisha hapo mwaka 1964. Mwaka mmoja kabla, Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalikuwa yameungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, hili ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita KKKT. Maana yake ni kwamba madarasani pale walikaa pamoja vijana wa Kihaya, Wachaga, Wapare, Wanyaturu, Wanyiramba, Wasambaa, watu wa kusini na wa pwani, kila mmoja amebeba nyimbo za nyumbani kwao kichwani, na wote wakizungumza Kiswahili.

Alichofanya Olson ni kitu rahisi kukisema na kigumu kukifanya. Aliwahimiza wanafunzi wale walete sauti za nyumbani, kisha waandike maneno ya Kiswahili yanayokwenda na sauti hizo. Hawakuwa wakitafsiri. Walitunga. Walikuwa wanafunzi wa theolojia, kwa hiyo Biblia waliijua; walikuwa watoto wa vijijini, kwa hiyo sauti walizijua. Kazi yake yeye ilikuwa kusikiliza, kuandika noti, kupanga, kurekebisha, na mara nyingine kutunga mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nyimbo hizo zilianza kutoka katika kijitabu kinachoitwa "Tumshangilie Mungu". Kilikuwa kitabu chembamba, cha bei ndogo, kilichoendelea kuchapwa tena na tena.

Wakati huo huo upepo ulikuwa unavuma hivyo kila mahali. Kule Kamina, Kongo, mwaka 1958 padri wa Kibelgiji Guido Haazen pamoja na vijana wake walikuwa wameimba "Missa Luba", misa ya Kilatini kwa sauti za Kikongo. Tanzania kulikuwa na padri Mkatoliki, Stephen Mbunga, aliyetunga misa kwa Kiswahili na kuandika kitabu juu ya muziki wa Kibantu na sheria za kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua milango kwa lugha na muziki wa kila taifa. Olson alikuwa mmoja kati ya wengi. Lakini kwa upande wa Walutheri, ni vigumu kutaja mtu mwingine aliyeikalia kazi hiyo kwa muda mrefu namna ile.

Katika wanafunzi wale alikuwamo Kyamanywa, mwenye wimbo wetu wa Pasaka. Alikuwamo pia katika kizazi hicho Wilson Niwagila, ambaye wimbo wake "Njoo kwetu, Roho mwema" baadhi yenu mnaujua; yeye baadaye aliandika kitabu kikubwa cha historia ya kanisa la Wahaya. Hao ni watunzi. Olson hakujiandika yeye kuwa ndiye mwenye nyimbo hizo. Alipozitafsiri kwa Kiingereza, alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1977, "Lead Us, Lord", na kingine mwaka 1993, "Set Free", na humo majina ya wenye maneno yakabaki pale pale juu ya wimbo.

Sasa sikilizeni safari ya wimbo mmoja. "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa mwaka 1966. Mwaka 1969 mwanamuziki mmoja, Ulrich Leupold, aliuweka kwa Kijerumani. Leo ukifungua kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, nambari 116, unaukuta. Katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006, nambari 364, unaukuta. Fikirini. Wamisionari wa Kijerumani walifika Bukoba mwaka 1910 na vitabu vyao vya nyimbo. Kisha wajukuu wa makanisa yaliyowatuma wakasimama asubuhi ya Pasaka, kwenye baridi yao, wakaimba habari ya ufufuo kwa sauti iliyozaliwa kwenye migomba ya Bukoba. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa hata wenyeji wa mgeni walipona.

Na yule kijana wetu aliyetuambia wimbo ni wa Kizungu? Tulimwonyesha yote haya. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi hata wao wanaimba tafsiri." Tukacheka sana siku hiyo. Lakini kicheko kilipoisha tulibaki na jambo linalouma kidogo, nalo ndilo lililotufanya tuwaletee mazungumzo haya.

Katika kitabu kile cha Kijerumani, upande wa maneno pameandikwa jina la Kyamanywa na jina la Leupold. Upande wa sauti pameandikwa tu kwamba inatoka Tanzania. Basi. Nchi nzima! Ni kama mtu akuulize mama yako ni nani, umjibu, "Anatoka Mombasa." Mahali pengine utakuta pameandikwa sauti ya Kihaya. Hapo tumesogea, lakini bado ni kabila zima. Palikuwa na mtu wa kwanza aliyeiimba sauti ile. Labda ni mama akibembeleza, labda ni mzee kwenye shughuli. Alikuwa na jina. Olson hakumnyang'anya mtu jina lake. Alipofika, jina lilikuwa limeshapotea, kwa kuwa hapakuwa na aliyeliandika. Wimbo uliokolewa ukiwa umechelewa nusu.

Tunasema hayo si kwa kumlaumu. Yeye alifanya sehemu yake. Tunasema kwa kujitazama sisi.

Wanakwaya wa zamani mnamkumbuka mama yetu mmoja wa alto, aliyetoka upande wa Kaloleni, mumewe akifanya kazi bandarini. Alikuja na wimbo. Sauti aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa akiiimba akitwanga mahindi. Yeye akaitia maneno ya kumsindikiza marehemu: beti nne, na kiitikio kifupi ambacho hata mtoto angekishika. Kwa karibu miaka 30 hatukuzika mtu Kipevu bila wimbo ule. Tumeuimba Mbaraki. Tumeuimba kwenye basi la mazishi mpaka Mwingi, Bungoma na Siaya. Watu wa makabila ambayo hata salamu ya Kigiriama hawaijui waliushika wakalia nao.

Yeye ndiye aliyeanzisha kila mara. Sisi tuliitikia. Wala hakuna aliyefikiri kuuandika, kwa maana yeye alikuwepo. Kijana mmoja aliurekodi kwa simu mwaka fulani. Simu ikaibwa stejini Changamwe kabla hajampa mtu nakala. Tukasema si neno, mama yupo, tutarekodi tena.

Mama akafariki.

Siku ya kumzika tulisimama kaburini, sote tumevaa sare. Ukafika wakati wa wimbo wake. Tukatazamana. Mmoja akajikaza akauanza. Ubeti wa kwanza ulikuja. Wa pili ukaja nusu. Wa tatu haukuja. Tukabaki tunarudia kiitikio, tena na tena, mpaka Mchungaji akatuokoa kwa sala. Walioudhuria walidhani tumezidiwa na huzuni, na ni kweli tulizidiwa, lakini sisi tulijua kilichotokea. Tulikuwa tumemzika mama na wimbo wake kwenye kaburi moja, naye alitupa miaka 30 ya kuuandika.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulidhani walikuwa wanawaambia wenye maduka.

Kwa hiyo tulipokuwa tunasoma juu ya Howard Olson, hatukumwona kama Mmarekani hodari aliyekuja kuokoa nyimbo za Waafrika. Tulimwona kama mtu aliyefanya jambo ambalo sisi tungeweza kulifanya bila hata kupanda ndege. Alikuwa mgeni, alilazimika kujifunza lugha kwanza, na bado alisikiliza na kuandika. Sisi ni wenyeji, lugha tumezaliwa nazo, na mama alisimama hatua mbili kutoka kwetu kila Alhamisi jioni.

Basi kwaya yenu imeamua, na tunalitangaza leo mbele yenu mpate kutudai.

Tumenunua daftari. Si kubwa. Liko hapa mezani mbele. Tangu Januari tumeandika humo nyimbo 11 ambazo haziko katika kitabu chochote. Kila wimbo una mambo matano. Kwanza, maneno yake yote, kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Pili, solfa, iliyoandikwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha. Mara nyingine hawakupatana, na tukamrudia mwenye wimbo aamue. Tatu, mapigo: nani anashika nini, kayamba linaingia wapi, makofi yanaanza lini. Nne, wimbo ulitoka wapi: kijiji, shughuli, nani alimfundisha nani. Tano, jina. Jina la mtu, si la kabila wala la nchi. Na kama jina limeshapotea, tunaandika jina la yule aliyetuletea, ili mnyororo usikatike mikononi mwetu.

Pia kila wimbo umerekodiwa kwa simu tatu tofauti, za nyumba tatu tofauti. Tumejifunza.

Wimbo wa kwanza ndani ya daftari ni wa mama yule. Ubeti wa tatu tuliutafuta kwa miezi mitano. Tulikwenda Kaloleni kwa dada yake, ambaye siku hizi haoni vizuri na hupenda kukaa jikoni. Hatukumwuliza maswali. Tulikaa tukamsaidia kupukuchua mahindi, tukauanza ule ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini. Akaitikia. Tukaenda wa pili, akatusahihisha maneno mawili ambayo tumeyakosea miaka yote hiyo. Tulipofika wa tatu tukanyamaza, naye akaendelea peke yake mpaka mwisho. Wa nne naye aliukumbuka tofauti kidogo na tulivyouimba sisi, kwa hiyo tumeandika yote mawili.

Jina la mama limeandikwa juu ya ukurasa. Hatutalitaja sisi. Mwanawe yuko hapa leo, naye atasimama alisome mwenyewe, kisha atauanzisha wimbo.

Howard Olson alirudi Marekani mwaka 1988 na akafariki mwaka 2010. Makumira leo ni chuo kikuu, na muziki unafundishwa hapo. Ile kazi haikumalizika na yeye wala haikumalizika Tanzania. Hapa Kipevu peke yake, ukichukua mstari kutoka kwenye matangi ya mafuta mpaka kituo cha umeme, utapata watu kutoka kila pembe ya Kenya, waliokuja kutafuta kazi bandarini, kwenye reli na kwenye kiwanda cha mafuta. Kila mmoja alikuja na mkoba na wimbo. Mikoba imeshachakaa. Nyimbo zingine bado ziko, lakini wenye nazo wanazeeka.

Kwa hiyo tunawaomba. Wazee wetu, mama zetu, baada ya chakula pitieni hapa mezani. Msituambie sauti zenu zimeharibika. Sisi tunawajua, na zetu pia si nzuri sana. Mtuimbie hata ubeti mmoja. Vijana, nyinyi mnajua kutumia simu kuliko sisi. Mkirudi likizo ushago, kaeni na bibi jikoni. Msianze na maswali. Saidieni kazi kwanza, nyamazeni, msikilize. Wimbo ukija, andikeni jina.

Tukikutana kwenye yubile ya miaka 75, wengine wetu tutakuwa tumeshasindikizwa. Tungependa siku hiyo mwanakwaya atakayeanzisha wimbo wa kutusindikiza aweze kufika ubeti wa nne.

Sasa simameni. Soprano, msipande mbele ya kiongozi. Tena, hii si Handel, msiogope. Mwana wa mama yetu, karibu mbele.

Bwana asifiwe.